Hamisha Dawa Kabla ya Kuhamisha Mizigo: Kisukari na Kustaafu Uganda

Muuguzi wa kliniki moja hapa Entebbe aliishika barua ya Mjomba, akaisoma, akaigeuza nyuma, akaisoma tena. Ilitoka kwa daktari wake wa London. Ilisema kipimo chake cha sukari cha miezi mitatu, kile kinachoitwa HbA1c, ni 53.

"Hamsini na tatu ya nini, mzee wangu?"

Mjomba hakuwa na jibu. Miaka yote alichojua ni kwamba daktari wake akiiona hamsini na tatu hufurahi. Muuguzi naye amezoea kukisoma kipimo hicho kwa asilimia: sita nzuri, saba inaridhisha, kumi ni hatari. Tulikaa pale kwenye benchi na simu mkononi mpaka tukapata kwamba 53 ya Uingereza, ambako hupimwa kwa mmol/mol, ndiyo asilimia 7 ya hapa. Damu ni ileile na sukari ni ileile, lakini namba ilibadilika lugha njiani.

Wengi wanaoniuliza kuhusu kustaafu Uganda wakiwa na kisukari huuliza swali moja: dawa zipo? Dawa zipo. Kinachowasumbua wazee wetu wakishafika ni yale yanayoizunguka dawa: jina lake, aina yake, nani anailipia, inakaa kwenye baridi gani, na nani anayeikumbuka historia ya ugonjwa wako. Huko ulikotoka, kazi hizo zilifanywa na watu ambao hata huwaoni. Hapa zinaingia mkononi mwako siku unayoshuka ndege. Ndiyo maana namwambia kila anayeniuliza ahamishe dawa kabla ya kuhamisha mizigo.

Mjomba ni mzaliwa wa Mombasa. Aliendesha basi London miaka mingi, na mkewe ni Mganda wa hapa Entebbe. Alipostaafu waliamua kurudi kwa kina mke, karibu na ziwa. Samani zilifungwa vizuri, kila sanduku na orodha yake. Dawa zilitiwa kwenye mkoba: akiba ya miezi mitatu, basi. Miezi mitatu si mingi.

Kwanza tuelewe kwa nini dawa za hapa hazifanani na za kule. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2014 ulikuta kisukari kwa asilimia 1.4 ya watu wazima wa Uganda, mijini zaidi kuliko vijijini. Ni watu wengi ukiwahesabu mmoja mmoja, lakini kwa muagizaji wa dawa ni soko dogo. Dawa inayotumiwa na wengi, ya bei nafuu, huagizwa kila mara. Dawa mpya ya bei kubwa huagizwa kidogo, inaisha, na anayeitegemea hungoja shehena ijayo.

Njia za dawa kuingia ni tatu. Hospitali za serikali hupewa na bohari kuu ya taifa, National Medical Stores. Hospitali za makanisa hununua zaidi kwa Joint Medical Store iliyoko Nsambya, ambayo Wakatoliki na Waprotestanti waliianzisha pamoja mwaka 1979. Famasi za binafsi zina waagizaji wao. Wote wanasimamiwa na National Drug Authority, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1993. Ukizijua njia hizi tatu, dawa ikikosekana sehemu moja unajua pa kuulizia pengine. Pengo la hospitali ya serikali halimaanishi kwamba hospitali ya misheni ng'ambo ya barabara nayo imeishiwa.

Dawa unazoweza kuzitegemea ni metformin, vidonge vya jamii ya glibenclamide na glimepiride, na insulini za zamani: ile nyeupe kama maji inayofanya kazi haraka, ile ya ukungu inayofanya kazi polepole, na mchanganyiko wa hizo mbili, 30 kwa 70, ambao wengi hapa wanauita Mixtard. Insulini mpya kama glargine, na vidonge kama sitagliptin, dapagliflozin na empagliflozin, vitafute kwenye famasi kubwa za Kampala, na ujiandae kwa mwezi ambao hutavipata. Sindano za mara moja kwa wiki na vile vidude vya kubandika mkononi vinavyosoma sukari mchana na usiku, usiviwekee maisha yako. Vikipatikana, alhamdulillahi. Visipopatikana, uwe na njia nyingine uliyokwisha kuizoea.

Hapa kuna jambo moja ambalo mzee asilipuuze. Orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani inasema wazi kwamba glibenclamide haifai kwa watu wenye umri wa zaidi ya miaka 60, kwa sababu inaweza kuishusha sukari kupita kiasi na kuishikilia chini kwa saa nyingi. Kidonge hicho ni rahisi na kimeenea kila mahali. Ukiandikiwa, uliza kwa heshima kama gliclazide inaweza kupatikana badala yake. Daktari hachukii swali kama hilo.

Sasa turudi kwa Mjomba, maana kwake ndipo nilipojifunza maana ya kubadili dawa. London alikuwa akichoma glargine usiku na insulini ya haraka kila anapokula. Akila saa saba, anachoma saa saba. Akila saa kumi, anachoma saa kumi. Akiba yake ilipokwisha, daktari wa hapa alimhamishia kwenye mchanganyiko wa 30 kwa 70, asubuhi na jioni. Ni uamuzi wa busara, kwa kuwa dawa hiyo ni rahisi kuipata. Lakini mwendo wake ni mwingine kabisa. Ile sehemu ya ukungu unayoichoma saa moja asubuhi hupanda kileleni kuanzia saa tano hadi alasiri, uwe umekula au hujala. Ukishaichoma asubuhi umeahidi chakula cha mchana, na ahadi hiyo huwezi kuivunja.

Wiki ya pili tulikwenda kwanjula, sherehe ya Waganda ya bibi harusi kumtambulisha mchumba kwa wazazi, kule upande wa Masaka. Mjomba alichoma insulini yake, akanywa chai na kipande cha mkate, tukaondoka. Anayezijua kwanjula anajua kwamba wasemaji wa pande mbili hawana haraka. Wanatupiana mafumbo, zawadi zinaingia vikapu kwa vikapu, watu wanapiga magoti na kuinuka. Saa tisa alasiri matoke bado yamo kwenye majani ya mgomba. Nilimwona Mjomba amenyamaza. Shingo ya kanzu yake ilikuwa imelowa jasho ilhali tumekaa chini ya hema. Nilimuuliza kitu akanijibu kitu kingine. Mkaza mjomba hakungoja kipimo. Alichukua soda ya mtoto aliyekaa mbele yetu, akamnywesha nusu chupa, kisha ndizi mbivu. Tulipompima baadaye kidogo alikuwa 3.4 mmol/L. Chini ya 4 ni sukari iliyoshuka, kwa hiyo alipoanza kutoa jasho lazima ilikuwa chini zaidi ya hapo.

Haikuwa kosa la daktari wala la dawa. Ni mwili wa mzee kufundishwa dawa mpya katika wiki zilezile anazojifunza nyumba mpya, chakula kipya na saa mpya za kula. Mabadiliko hayo yangefanyika London, miezi sita kabla ya safari, chini ya daktari aliyemjua miaka kumi na tano, huku kile kidude cha mkononi kikiwa bado kinamwonyesha kila mshuko. Kama wewe bado uko huko unajiandaa, nenda kwa daktari wako mwambie hivi: "Ninakwenda kuishi mahali ambapo dawa za uhakika ni hizi na hizi. Nihamishie sasa, unione nikizitumia." Ombi hilo halikugharimu chochote, na kwa maoni yangu lina thamani kuliko sanduku zima la akiba.

Kipimo cha nyumbani nacho hutega watu. Mashine ya Marekani husoma kwa mg/dL, ya Uingereza na nyingi za hapa kwa mmol/L. Namba ya mmol/L ukiizidisha kwa 18 unapata ya Marekani, kwa hiyo 7 ni 126. Mtu akimpigia daktari simu na kusema "nina mia na themanini", daktari akiwa amezoea namba za kumi na ngapi, wote wawili wanahangaika. Jambo kubwa zaidi ni stripu, vile vipande vya kutilia tone la damu. Mashine hununuliwa mara moja, stripu hununuliwa maisha yote, na stripu za kampuni moja haziingii kwenye mashine ya kampuni nyingine. Zunguka famasi tatu za karibu na nyumbani, angalia stripu zipi zimo zote tatu, ndipo ununue mashine yake. Ile nzuri uliyotoka nayo ng'ambo mpe mtu anayerudi huko.

Mabomba ya sindano pia yaangalie. Insulini ya hapa ni ya nguvu 100, na bomba lake liandikwe 100. Zipo nchi, India mojawapo, ambako insulini ya nguvu 40 na mabomba yake bado vinatumika. Ukivuta insulini ya 100 kwa bomba la 40 unajichoma mara mbili na nusu ya kipimo chako.

Fedha sasa. Wengi huamini kwamba bima ya kule itawafuata. Haiwafuati. Matibabu ya bure ya Uingereza yanategemea kuishi Uingereza. Ukihama moja kwa moja haki hiyo unaiacha, na ukirudi huko kutembea ukalazwa hospitali unaweza kuletewa bili. Ile fomu ya S1 ambayo wastaafu wa Uingereza hutumia kutibiwa Hispania au Ufaransa haifanyi kazi Uganda. Jambo ambalo watu hushtuka kulisikia ni kwamba pensheni ya serikali ya Uingereza haipandi kila mwaka kwa anayeishi Uganda. Inabaki palepale ilipokuwa ulipohama au ulipoanza kuipokea, wakati bei ya stripu inapanda. Kwa aliyetoka Marekani, Medicare, bima ya serikali ya wazee, kwa kawaida hailipii matibabu wala dawa nje ya nchi. Ukiiacha ile sehemu yake ya B ili kuokoa ada, kisha ukarudi baada ya miaka, unatozwa nyongeza ya asilimia 10 kwa kila miezi kumi na miwili uliyokosa. Aliyefanya kazi nchi za Ghuba bima yake ilikuwa ya mwajiri, na ilikwisha siku kazi ilipokwisha. Mkenya aliye na bima ya SHA, mamlaka ya afya iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, anatibiwa kwa bima hiyo Kenya. Ndiyo maana nawajua wazee wanaoishi Busia ya Uganda ambao siku ya kliniki huvuka kwa miguu kwenda Busia ya Kenya. Ni mpango mzuri kwa anayeishi mpakani.

Uganda yenyewe haina bima ya afya ya taifa inayofanya kazi. Bunge lilipitisha muswada wake mwaka 2021, lakini haukusainiwa kuwa sheria. Bima za binafsi zipo Kampala, na hapo usione haya kuuliza maswali matatu kabla ya kutia saini. Mnapokea mtu mpya mpaka umri gani? Ugonjwa niliokuja nao mnaanza kuulipia baada ya muda gani? Na kwa mwaka mnalipa mpaka kiasi gani kwa maradhi ya kudumu? Kampuni nyingi zina mipaka kwenye yote matatu, na bima inayolipa homa lakini hailipi kisukari haimfai mgonjwa wa kisukari.

Kwa hiyo wengi hufanya kama tulivyofanya sisi: mguu mmoja hospitali ya serikali, mguu mmoja kwa binafsi. Ada katika vituo vya serikali ziliondolewa mwaka 2001, isipokuwa wodi za kulipia. Vituo hivyo vina ngazi. Cha daraja la pili ni cha parokia, ambayo hapa ni kitengo cha utawala na si ya kanisa tu. Cha tatu ni cha kata ndogo, cha nne kina daktari na chumba cha upasuaji, kisha hospitali ya wilaya, hospitali ya rufaa ya mkoa, na juu kabisa hospitali za rufaa za taifa kama Mulago na Kiruddu. Mgonjwa wa insulini asipoteze muda ngazi za chini. Aanzie ya nne au hospitali. Kiruddu, iliyoko Makindye, ndiko wanakopelekwa wengi ambao figo zimeanza kushindwa. Kwa macho, Mengo ina idara ya siku nyingi, na anayeishi magharibi ana Ruharo, Mbarara.

Siku ya kliniki ya sukari ina desturi zake. Unafika alfajiri, hujala, na daftari mkononi. Daftari ni lile la shule, unalinunua mwenyewe, na ndilo faili lako. Unaliweka juu ya meza kwenye rundo, jina likitazama juu, na rundo hilo ndilo foleni. Uzito, presha, kidole kinadungwa, kisha unangoja kuitwa. Utasikia wakisema "abalwadde ba ssukaali", wagonjwa wa sukari. Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya pili tangu mabadiliko ya katiba ya mwaka 2005, lakini kwenye benchi la kliniki ya Entebbe au Masaka Luganda ndiyo inayotawala. Ukijua kumwita muuguzi musawo, dawa eddagala na sindano empiso, na ukaanza na nnyabo (mama) au ssebo (bwana) kabla ya swali lako, utaona uso unavyofunguka. Daktari hubadilika, muuguzi huhamishwa, daftari linabaki. Lifunike kwa nailoni. Kila mwezi lipige picha kwa simu.

Nikubali kwamba siku nyingine unangoja hadi saa nane, na dirisha la dawa linakwambia insulini imekwisha. Tuliwahi kuondoka hospitali moja mikono mitupu mara mbili mfululizo. Kwa sababu hiyo tunaweka nyumbani akiba ya miezi miwili, na tunaanza kununua mpya akiba ikibaki ya mwezi mmoja. Tunanunua famasi yenye mfamasia na friji, kamwe si kwa mtu anayeleta chupa kwenye mkoba kutoka stendi. Insulini iliyopikwa na jua kwenye dashibodi haibadiliki rangi kila mara. Unaichoma, sukari haishuki, unadhani ugonjwa umezidi.

Nyumbani, chupa ambazo hazijafunguliwa zikae friji kati ya nyuzi 2 na 8, mbali na sehemu ya barafu. Iliyoganda itupe hata kama imeyeyuka ikaonekana safi. Uliyoifungua inaweza kukaa nje mahali pa baridi kama wiki nne, kwa hiyo iandikie tarehe. Umeme ukikatika usiku mmoja usihangaike, friji iliyofungwa hutunza baridi. Ukikatika siku mbili, tumia njia ya bibi zetu: chungu kikubwa, mchanga mbichi, chungu kidogo ndani yake, kitambaa kibichi juu. Hakifikii friji, lakini kinashusha joto vya kutosha kuokoa chupa. Na safarini kwenye ndege, insulini iende nawe mkononi pamoja na barua ya daktari, kwa kuwa chini kwenye mizigo inaweza kuganda.

Kuna mambo ambayo daktari wa London hakuwa na sababu ya kukuambia. Malaria ni mojawapo. Kwinini, ambayo bado hutumika, hushusha sukari, na mgonjwa wa malaria hali vizuri, kwa hiyo yanakutana mawili. Septrin ukiichanganya na vidonge vya jamii ya glibenclamide inaweza kufanya vivyo hivyo. Anayetumia dawa za virusi vya UKIMWI zenye dolutegravir amwambie anayemwandikia metformin, maana kipimo cha metformin hupunguzwa. Tena malaria, na upungufu wa damu unaoletwa nayo, vinaweza kukifanya kile kipimo cha miezi mitatu kisome chini kuliko ukweli. Ukipona malaria ukaambiwa una asilimia 6, usiache dawa kwa furaha. Linganisha na mashine yako ya nyumbani.

Utaletewa pia mululuza. Jirani ataileta kwa mapenzi, majani machungu yaliyochemshwa, na atakuhadithia aliyepona. Pokea, shukuru, na umwambie daktari kama unainywa. Lakini chupa ya insulini isitoke mahali pake. Anayechoma insulini akiiacha kwa ajili ya mitishamba anaweza kufika hospitali hajitambui ndani ya siku chache, na hilo nimeliona kwa mtu wa karibu.

Miguu nayo. Mstaafu akifika kijijini huvua viatu, anahisi yuko nyumbani. Mwenye kisukari ambaye ganzi imeanza kwenye nyayo hasikii mwiba, hasikii funza, hasikii maji ya moto. Mkaza mjomba kila usiku hukaa kwenye kigoda na taa ya simu, anaziangalia nyayo za mumewe kidole baada ya kidole. Mjomba huona haya, anamwambia, "Basi, mama, yatosha." Mama hasikilizi.

Daftari la Mjomba sasa ni la tatu. Ndani ya jalada mkaza mjomba amebandika karatasi aliyoiandika kwa kalamu nyekundu: majina ya dawa bila majina ya kampuni, kipimo cha asubuhi na cha jioni, namba yangu ya simu, na chini kabisa, kwa herufi kubwa, 53 = 7%. Jumanne iliyopita muuguzi mgeni alilifungua, akausoma ule mstari wa chini, akatikisa kichwa kwamba ameelewa, akavuta kiti.

"Karibu, mzee. Leo umekula saa ngapi?"